Bafle za Kasha ambazo sikuziandikia

Nsimire mwanangu,

Umekwenda kuaga wenzako wa kwaya, nguo zako ziko kwenye kamba zinamalizia kukauka, na nyumba imetulia kidogo. Nimechukua nafasi hiyo kukuandikia. Barua nitaiweka ndani ya begi lako dogo, na nakuomba usiifungue kabla hujavuka mpaka wa Ruzizi, kwa sababu ukiisoma hapa utataka tuizungumze, na mimi uso kwa uso sitaweza.

Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutosinzia kwenye basi na simu mkononi, mama yako mdogo Furaha amekuimbia wiki nzima. Sina la kuongeza huko. Nina jambo moja tu ambalo nimelikalia tangu ukiwa shule ya msingi, na sasa halikaliki tena.

Jumapili tulipokuwa tunakula ulitueleza kazi yako vizuri. Jarida la Nairobi linaloandika habari za vyombo vya sauti, vile vya bei ya kushtua ambavyo watu wachache wananunua na wengi wanavitamani, limekuchukua uwe miongoni mwa wanaovisikiliza na kuviandikia. Ukasema uliwauliza kwa nini hawajawahi kuandika hata mstari mmoja kuhusu yule fundi wa Kisumu ambaye spika zake ulizisikia ukazipenda, wakakujibu kwamba hana msambazaji. Jibu hilo ulilirudia huku unamenya ndizi, kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Niliinuka nikaenda jikoni. Mlidhani nimefuata chumvi. Nilikwenda kusimama mbele ya beseni la vyombo, nikaosha sahani zilizokuwa tayari safi.

Wewe hukufanya kosa lolote. Ila maneno yale niliyajua. Nilikuwa nimeyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo ya upole, kwa mtu ambaye hakustahili kuyasikia.

Unajua niliandika katika jarida letu la hapa Bukavu miaka kumi na mmoja. Nakala zake umezitunza chini ya kitanda chako, na zile tatu ulizozipenda zaidi nimeona umezipakia kwenye sanduku. Umewaambia watu wa Nairobi kwamba mama yako ndiye aliyekufundisha kusikiliza, na kwamba aliacha kuandika siku alipoona kazi imeanza kuharibika. Hilo la pili sikuwahi kukuambia. Ulilitunga mwenyewe ukiwa mdogo, nami nikaliacha likue kwa sababu lilinipendeza.

Ukweli ni huu. Mimi sikuacha. Jarida lilikufa na mimi nikiwa ndani yake, bado nasifia.

Nianzie mwanzo. Nilikuwa nashughulika na sono ya parokia, yaani vyombo vya sauti, nafunga mikrofoni, nakimbizana na nyaya, na Jumapili mchana naandika kwenye daftari nini kilisikika vibaya na kwa nini. Directeur wa jarida aliliona daftari hilo, akanipa kurasa mbili kila mwezi. Wakati ule kila kanisa, kila ukumbi wa harusi na kila orchestre walikuwa wananunua vyombo, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kipi ni kipi. Niliipenda kazi ile, Nsimire. Nataka ulijue hilo kabla sijaanza kuichafua.

Vyombo vilikuwa vinatoka katika duka moja kubwa la mtaa wa Nyawera. Mwenye duka alikuwa na chapa nne za kutoka Ulaya, na kila mwezi alikuwa na ukurasa wa tangazo nyuma ya jarida. Gari lake lilikuwa linaleta bafle, yaani spika, na ampli mpaka hapa nyumbani, fundi wake anafunga kila kitu, na vinakaa kwangu miezi miwili ili nivisikilize kwa utulivu. Miezi miwili ilikuwa sheria ya jarida. Directeur alisema chombo hakijulikani kwa siku tatu, na kusema kweli hakijulikani.

Pamoja na vyombo lilikuwa linakuja sanduku zito la chuma, régulateur, la kutuliza umeme usipande wala kushuka. Unajua courant yetu ilivyo. Jioni taa zinageuka njano kama mafuta ya mawese, halafu ghafla zinang'aa mpaka unaogopea friji. Mwenye duka hakuwahi kuleta ampli kwangu bila sanduku lile. Siku ya kupiga picha kwa ajili ya jarida, mimi mwenyewe nilikuwa nalisukuma kwa mguu nyuma ya pazia, ili picha iwe nzuri. Hakuna aliyenituma. Kila nikikumbuka mguu ule natamani kutema.

Vilivyonipendeza niliviandikia. Visivyonipendeza vilirudi Nyawera kimya kimya na jarida halikusema kitu. Huo ndio uliokuwa utaratibu: hatukuandika baya, tuliliruka. Msomaji alikuwa anafungua jarida na kuona mazuri matupu, akadhani mama yako ana bahati ya kuletewa vizuri kila mwezi.

Sasa nikueleze habari za Zihindula wa mtaa wa Kasha, uliyemwita tonton kama mjomba wako. Wewe unamkumbuka kama yule mtu mrefu aliyekutengenezea redio yako ya plastiki na kukubebea samaki wadogo wa sambaza kila alipopita kwetu. Alikuja kwetu mara ya kwanza kwa sababu ya jarida. Alikuwa anatengeneza bafle kwa mbao za libuyu, na ampli zake alizisukia transfoma kwa mkono, anazungusha waya huku anahesabu kwa sauti, na akipotea hesabu anaukunjua wote na kuanza upya. Alisoma kurasa zangu, akaamini ninachoandika, akaja kuniomba niende nimsikilize.

Nilikwenda Kasha Jumatano moja. Alinikalisha kwenye kiti pekee, akaweka ile kaseti ya kwaya yetu tuliyoirekodi kabla hujazaliwa. Ile kaseti nilikuwa nimeisikiliza mara mia. Kwa vyombo vya Nyawera ilikuwa laini, tamu, sauti zote zimeungana. Kwa bafle za Zihindula nilisikia katika ubeti wa pili mwanamke mmoja wa safu ya nyuma anachelewa kuingia, kidogo tu, kila mara, anawavuta wenzake. Nilisikiliza mara ya pili nikamtambua. Alikuwa ni mimi. Miaka yote ile hakuna chombo kilichowahi kuniambia.

Tukiwa bado tunasikiliza, courant ikashuka. Balbu juu yetu ikawa kama kaa la moto linalozimika, nami nikasubiri ampli ikate. Haikukata. Sauti ilipungua nguvu kidogo, lakini haikuharibika. Zihindula aliangalia balbu na kucheka. Transfoma ile aliisukia umeme wa Bukavu, kwa sababu hakuwahi kuona mwingine.

Kesho yake nilikwenda kwa Directeur nikiwa na furaha kama mtoto. Nikamweleza yote. Yeye hakunipinga, na ndiyo maana hata leo sipati mahali pa kumshika. Aliniuliza kama huyo fundi ana katalogi. Aliniuliza msomaji wa Uvira akizitaka atazinunua wapi. Aliniuliza zikiungua, nani atamletea kipuri, na Zihindula akifa, nani atajua waya ule umezungushwaje. Yalikuwa maswali ya haki. Halafu, akiwa tayari ameshika kalamu na kurudi kwenye karatasi zake, akauliza la mwisho.

"Maman Nsimire, ana page?"

Yaani ukurasa wa tangazo. Hakuinua hata macho. Nikasema hana. Akasema basi alete vyombo, vikae miezi miwili kwako kama sheria inavyotaka, tutaona.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Zihindula alikuwa na bafle mbili na ampli moja. Hakuwa na zaidi. Kila Jumamosi alikuwa anazikodisha kwa harusi, na familia yake ilikuwa inakula harusi hizo. Alikuwa tayari kuziacha kwangu kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki, hata mwaka mzima, anazibeba mwenyewe kwenda na kurudi. Sheria ilisema miezi miwili mfululizo. Sheria ile haikumtaja mtu, haikumchukia mtu, na ilimfungia mlango yeye peke yake. Ningeweza kumwambia Directeur kwamba miezi miwili ya Jumatatu mpaka Ijumaa ni kusikiliza tosha. Sikumwambia. Mwezi ule gari la Nyawera lilikuwa limeniletea jozi mpya, na nilikuwa na haraka ya kuifungua.

Kwa Zihindula nilisema tunangoja nafasi. Nilimwambia hivyo miaka mitano. Alikuwa anapita, anaketi, anakunywa chai, anakuuliza wewe habari za shule, na akiwa anaaga ananiuliza kama nafasi imepatikana. Nami nilikuwa namjibu kwa sauti nzuri, nasema hana msambazaji, wasomaji watampata wapi, avumilie. Siku moja aliacha kuuliza. Baadaye akaacha kuja. Wewe uliuliza tonton yuko wapi, nikakuambia ana kazi nyingi.

Ningekuwa nimekomea hapo ningejiona mwoga, basi. Lakini kuna la Mumosho.

Mwezi mmoja nilisifia ampli ya chapa ghali kuliko zote za Nyawera. Niliandika kwamba ina nguvu na adabu, na kwamba hata kanisa la ukubwa wa kati lingeimudu. Sentensi ile ya kanisa niliiongeza mwishoni ili kujaza mstari. Wakristo wa parokia ndogo upande wa Mumosho waliisoma, wakachangishana tangu Pasaka mpaka msimu wa mavuno, wakainunua. Ilifanya kazi Jumapili mbili. Ya tatu, courant ilishuka, ikapanda, ampli ikatoa moshi mbele ya altare.

Katekista wao alikuja kunitafuta. Hakuja na hasira, na hasira ingenisaidia. Alikuwa na ukurasa wangu ameukunja ndani ya mfuko wa plastiki ili usilowe. Aliufungua juu ya meza hii ninayoandikia, akaunyoosha kwa viganja vyake viwili, akaniwekea kidole kwenye sentensi yangu.

"Maman, tulifuata hii. Tulisoma yote, hatukuona fasi inasema kama inaomba courant ya muzuri."

Nyuma yake, kwenye kona, sanduku la chuma lilikuwa linanguruma. Hakulijua ni nini. Sikumwambia. Nilimpa chai, nikamwambia nitaongea na duka, naye akanishukuru, Nsimire, akanishukuru mara mbili.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Directeur. Nikasema lazima tuandike kwamba nilikosea, kwamba vyombo vyote nilivyovisifia nilivisikia na régulateur. Alinisikiliza, akafikiri, kisha akapata wazo. Akasema nisiandike kosa, niandike makala ya kuelimisha: umuhimu wa régulateur katika kila kanisa na kila ukumbi. Msomaji atafaidika vilevile. Nikaona ni kweli, atafaidika. Nikaandika. Mwezi huohuo tangazo la Nyawera nyuma ya jarida lilikuwa la régulateur, picha kubwa, na ziliuzwa mpaka zikaisha. Mwenye duka akafurahi hata akaniambia ile jozi iliyokuwa sebuleni kwangu nisijisumbue kuirudisha kwanza. Parokia ya Mumosho haikutajwa popote. Waliendelea kuimba bila chombo, na nasikia waliimba vizuri.

Jozi hiyo ndiyo hii uliyokulia mbele yake. Umefundishwa muziki na vitu ambavyo nilipewa kwa sababu nilinyamaza. Baba yako, kabla hajafariki, aliniuliza mara moja tu bafle hizi zitarudi Nyawera lini. Nikamjibu kwamba Directeur ndiye anayejua. Alinitazama kidogo akaendelea kusoma. Baadaye mwenye duka alifunga biashara akahamia mbali, tangazo likakosekana, na jarida likafa miezi michache baadaye. Hivyo ndivyo mama yako alivyoacha kazi kwa ajili ya dhamiri.

Najua utatafuta namna ya kunitetea. Utasema jarida lilikuwa dogo, nilikuwa na mtoto wa kulisha, kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Nimeshajiambia hayo yote na bado mdomo una uchungu. Kinachonichukiza zaidi ni kwamba sikuandika uongo hata siku moja. Ukizisoma tena zile nakala tatu ulizopakia, hutapata sentensi ya uongo. Nilichosifia kilikuwa kizuri. Ubaya wote uko katika kile ambacho hakimo, na kitu ambacho hakimo hakuna msomaji anayekidai.

Kule unakokwenda watakuwa watu wema, kama Directeur alivyokuwa mtu mwema. Alikuja kumzika baba yako na alilia. Hawatakuomba useme chombo kibaya ni kizuri. Watakuletea vizuri, kimoja baada ya kingine, mpaka usahau kuuliza nani anavileta. Ukiuliza kwa nini huyu na si yule, watakupa sababu: vipuri, dhamana, maduka, muda. Usizidharau, nyingi zina maana, na mtu anayenunua chombo ghali anastahili kujua kama kitatengenezeka. Mimi nakuomba tu uziangalie zote pamoja zimemlalia nani. Kwetu zilimlalia mtu mmoja, na nilikuwa nakunywa naye chai.

Na wakikuletea kitu nyumbani, kirudi. Hata kama wanasema hakuna haraka. Nilianza kuharibika siku nilipokizoea.

Jumanne, baada ya ile Jumapili ya mezani, nilichukua moto, pikipiki ya abiria, nikaenda Kasha. Wewe ulidhani niko sokoni. Zihindula amezeeka kidogo, bado mrefu. Sasa anatengeneza chaja za simu na pasi za umeme. Bafle za libuyu aliziuza kwa mtu wa baa, na mvua ikazimaliza kwenye baraza. Transfoma aliikunjua akauza waya. Nilisimama kwenye mlango wake na kusema nilichopaswa kukisema tangu ile Jumatano: kwamba vyombo vyake vilikuwa bora kuliko vyote nilivyowahi kusikia, kwamba nilijua siku ileile, na kwamba nilinyamaza kwa sababu nilikuwa napata faida.

Aliendelea kuchomelea kiwaya kimoja mpaka akakimaliza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Miye nilikuwa najua, Maman Nsimire. Masikio iko yangu. Nilikuwa nangojea weye useme."

Nililia, yeye hakulia. Aliniletea stuli, akaomba nimpashe habari, kwa sababu hatujaonana siku nyingi. Nikamwambia ya baba yako, akasikitika. Akakuulizia wewe, kama ulimaliza masomo. Nikasema umemaliza na unaondoka kwenda Nairobi. Uso wake ukachangamka kabisa.

"Anaenda kufanya kazi gani kule?"

Nsimire, nilikuwa nimetoka tu kuungama. Machozi yalikuwa bado shavuni. Nikamwambia unaenda kufanya kazi ya bureau, ya ofisini.

Alifurahi. Alisema bureau ni kitu kizuri, mtu anafanya kazi akiwa mkavu. Mimi nikatazama chini. Niliona aibu kutaja kazi ya mwanangu mbele ya mtu yule, na hujaanza hata kuifanya, na huna kosa nayo hata moja. Aibu hiyo ni yangu, nimekuvalisha.

Nimemwahidi nitarudi kumwona kila mwezi. Ataniuliza habari zako, maana alikupenda tangu ukiwa na redio ya plastiki, na safari hii sitaki kumdanganya. Fanya kazi hiyo kwa namna ambayo nitaweza kuitaja kwa jina lake halisi, nyumbani kwa Zihindula, nikimtazama. Na ukiona haiwezekani, rudi, au tafuta nyingine, hata hiyo ya bureau. Mimi sitakulaumu.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga na huko. Nakunja karatasi.

Mama yako.